Treni ya Milimani, Meli Ikiwa Gatini

Meli ya kitalii ikifunga gati kwa siku moja, abiria wake wana njia mbili za kuitumia siku hiyo nchi kavu. Ya kwanza ni kununua ziara iliyoandaliwa na kampuni ya meli: bei huwa juu, lakini usafiri, kiongozi na saa ya kurudi ni dhamana ya kampuni. Ya pili ni kujipangia. Kwa anayejipangia, treni inafaa kuliko vyombo vingi, maana ratiba yake hutangazwa mapema, nauli yake hujulikana na haikwami kwenye foleni ya magari. Kasoro yake ni moja: treni haimngoji aliyechelewa, na meli nayo haimngoji. Kwa hiyo kazi nzima ya kupanga safari ya namna hii ni kuoanisha ratiba mbili, ambazo kila moja inakwenda bila kujua habari za mwenzake.

Mahali panapoonyesha vizuri kazi hiyo ni Flåm, kijiji cha wakazi mia chache magharibi mwa Norwei. Meli hufunga mwendo wa dakika chache tu kutoka stesheni, treni hupanda mlima mkali hadi nyanda za juu, na abiria huweza kwenda na kurudi kwa muda wa kama saa mbili. Kwa jinsi mambo yalivyo karibu hivyo, wengi hudhani hakuna la kupanga. Hapo ndipo wanapokosa tiketi, au wanapojikuta juu mlimani wakihesabu dakika.

Reli na mahali ilipo

Flåm iko mwisho wa Aurlandsfjord, ambao ni mkono mmoja wa Sognefjord. Fiodi ni ghuba ndefu na nyembamba iliyochongwa na barafu ya kale katikati ya milima, kisha ikajaa maji ya bahari. Sognefjord ndiyo ndefu kuliko zote nchini Norwei: urefu wake unazidi kilomita 200, na penye kina kirefu kabisa maji yanafika zaidi ya meta 1,300. Ndiyo maana meli kubwa ya baharini huweza kuingia ndani kabisa ya nchi na kufunga chini ya milima.

Kutoka hapo reli ya Flåm, ambayo Wanorwei huiita Flåmsbana, hupanda kilomita 20 hadi stesheni ya Myrdal iliyo meta 866 juu ya usawa wa bahari. Karibu asilimia 80 ya njia hiyo ina mwinuko wa asilimia 5.5, yaani kwa kila meta 18 za kwenda mbele treni hupanda meta moja. Zipo reli za milimani zinazotumia meno ya chuma ili gurudumu lisiteleze, lakini hii haina. Ni reli ya kawaida, ya upana uleule wa reli kuu za Ulaya, na magurudumu laini yanashika chuma laini kwa uzito wa kichwa cha treni tu. Hufungwa vichwa viwili, kimoja mbele na kingine nyuma. Mwendo wa kupanda hauzidi kilomita 40 kwa saa, na wa kushuka hauzidi 30. Safari ya upande mmoja huchukua karibu saa nzima, na hakuna namna ya kuifupisha.

Reli hii haikujengwa kwa ajili ya watalii. Mwaka 1909 ilifunguliwa reli kuu kati ya Oslo na Bergen, nayo ilipita juu milimani. Watu waliokuwa chini kandokando ya Sognefjord walihitaji njia ya kuifikia wao na mizigo yao. Ujenzi ulianza mwaka 1924. Kati ya mahandaki 20 yaliyopo, 18 yalichimbwa kwa mikono. Mojawapo hupinda ndani ya mwamba kiasi kwamba treni huingia ikielekea upande mmoja na kutoka ikielekea ilikotoka, ila juu zaidi. Treni za kwanza zilipita mwaka 1940 zikivutwa na vichwa vya mvuke, na mwaka 1944 njia ikaanza kutumia umeme uliozalishwa kwa maporomoko ya Kjosfossen yaliyo pembeni mwa reli hiyohiyo. Barabara zilipofika, mizigo ilipungua, na leo watalii ndio wanaoyajaza mabehewa.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo mpangaji wa safari lazima alikumbuke: njia ni moja. Treni inayopanda na inayoshuka hupishana Berekvam, katikati ya njia, ambako reli zinakuwa mbili kwa kipande kifupi. Treni ya juu ikichelewa, ya chini husubiri, na kuchelewa kwa asubuhi huweza kuonekana bado mchana. Vilevile, reli haiwezi kuongeza treni kiholela kwa sababu tu siku hiyo zimefika meli mbili.

Kuhesabu kuanzia mwisho

Katika siku ya bandarini kuna saa moja tu isiyojadiliwa, nayo ni saa ambayo abiria wote wanatakiwa wawe wamerudi melini. Si saa ya kuondoka. Kwa kawaida hutangulia kuondoka kwa nusu saa, na penginepo kwa saa nzima. Hutangazwa melini siku moja kabla, katika karatasi ya shughuli za kesho au katika programu ya simu ya kampuni. Mpango mzuri huanzia hapo na kurudi nyuma, hauanzii kwenye saa ya kufika.

Tuseme meli inafunga saa 2:00 asubuhi na kuondoka saa 11:00 jioni, na abiria wanatakiwa wawe ndani saa 10:30. Kwanza toa saa moja na nusu ya akiba: treni ya kurudi iwe imefika Flåm kabla ya saa 9:00 alasiri. Akiba hiyo haitoshi kama haina treni nyingine ndani yake. Kiangazi treni huwa nyingi, lakini kati ya moja na nyingine kwa kawaida hupita kama saa moja na kitu. Kwa hiyo kanuni inayoshikwa na wasafiri wazoefu ni hii: usipange kurudi na treni ya mwisho inayowahi meli, panga kurudi na inayoitangulia, au hata ile iliyo kabla yake. Ikifutwa, ipo nyingine. Ikiwa hakuna nyingine, huo si mpango, ni bahati nasibu.

Baada ya hapo hesabu upande wa asubuhi. Meli kufika saa 2:00 si sawa na abiria kushuka saa 2:00. Kamba hufungwa, ngazi hushushwa, mamlaka za bandari hutoa ruhusa, kisha maelfu ya watu wanataka kushuka kwa wakati mmoja. Meli ikiwa gatini, nusu saa hadi dakika 45 hutosha. Siku ambayo gati limeshikwa na meli nyingine, meli ya pili hutia nanga katikati ya maji na abiria huletwa kwa boti ndogo. Hapo mambo hubadilika: waliolipia ziara za meli hushushwa kwanza, na anayejitegemea hupewa namba na kusubiri, pengine zaidi ya saa nzima. Ratiba za bandari, ambazo huonyesha meli zipi zinatarajiwa siku gani, huwa wazi kwa umma. Ni vizuri kuziangalia kabla ya kununua tiketi.

Kwa mfano huu, treni ya kati ya saa 3:30 na saa 5:00 asubuhi ndiyo inayofaa. Inamwachia abiria nafasi ya kushuka bila kukimbia, inamrudisha kabla au karibu na saa 7:00 mchana, na inaacha treni moja au mbili za akiba nyuma yake. Anayechukua treni ya saa 7:30 mchana huweza kurudi salama, lakini nyuma yake hakuna tena treni ya akiba inayowahi meli.

Saa zenyewe nazo zina mitego miwili. Wa kwanza ni wa meli: baadhi ya meli hubadilisha saa zao kila zinapoingia eneo jipya, nyingine hubaki na saa ya bandari ya kuanzia. Abiria hurudi kwa saa ya meli, treni huondoka kwa saa ya nchi, na simu hujibadilisha yenyewe bila kuuliza. Saa ya mkono iliyowekwa kwa saa ya meli humaliza ubishi. Mtego wa pili unamhusu Mswahili: ratiba za Ulaya huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Tiketi inayosema 14:30 ni ya saa 8:30 mchana, na inayosema 08:30 ni ya saa 2:30 asubuhi. Anayepanga na wenzake kwa Kiswahili afadhali aandike kila saa kwa namna zote mbili.

Tiketi

Treni za Flåm huendeshwa na Vy, shirika la reli la Norwei, na tiketi hununuliwa kwenye intaneti. Kila tiketi ni ya treni maalumu, ya saa maalumu. Siku za meli, mabehewa kadhaa huwa yamekwishawekwa kando kwa ajili ya vikundi vinavyoletwa na kampuni za meli, na yanayobaki ndiyo yanayogombewa na watu binafsi. Kwenda dirishani asubuhi kwa matumaini huweza kufaulu mwezi wa Aprili au Oktoba. Julai, na meli mbili kwenye maji, mara nyingi kinachobaki ni treni za jioni ambazo abiria wa meli hawezi kuzitumia.

Kabla ya kulipa, mambo matatu yasomwe. La kwanza ni masharti ya kurudishiwa fedha. Meli huweza kuiruka bandari kwa sababu ya upepo au hitilafu, na kampuni ya meli hairudishi nauli ya treni ambayo haikuiuza yenyewe. La pili ni kituo cha kuanzia: abiria wa meli anataka Flåm–Myrdal–Flåm, wala si tiketi ya upande mmoja inayoendelea Bergen au Oslo. La tatu ni muda wa kukaa Myrdal. Baadhi ya treni hugeuza baada ya dakika chache, nyingine huacha pengo kubwa zaidi.

Je, kujipangia ni nafuu kweli? Kwa Flåm, mara nyingi ndiyo, kwa sababu ziara ya meli hutumia treni zilezile, reli ileile na kusimama palepale. Tofauti ya bei hununua vitu viwili: kutohangaika na tiketi, na ahadi kwamba ziara ikichelewa meli itasubiri, au kampuni itawafikisha abiria bandari inayofuata kwa gharama zake. Ahadi hiyo ina thamani yake. Familia yenye watoto wadogo au mzee anayetembea kwa shida huenda ikaona ni bora kuilipia. Mtu mzima mwepesi, penye stesheni iliyo hatua chache kutoka gatini, anailipia hofu ambayo angeweza kuiondoa kwa kuchagua treni ya mapema.

Njiani

Stesheni ya Flåm iko karibu mno na maji. Treni ikiondoka, hupita kwanza bondeni kati ya mashamba na mto, na kanisa dogo la mbao la mwaka 1670 huonekana katika kijiji cha zamani. Kisha milima hubana pande zote mbili. Maporomoko ya Rjoandefossen huanguka meta 140 kutoka ukingo wa mlima, na baada ya hapo reli huanza kupita mahandaki mfululizo. Mandhari huhama kutoka upande hadi upande kadiri njia inavyopinda, kwa hiyo ugomvi wa kiti cha kushoto au cha kulia hauna faida kubwa. Baadhi ya madirisha hufunguka, na penye dirisha lililo wazi ndipo picha zinapotoka bila kivuli cha kioo.

Kituo kinachosubiriwa na wote ni Kjosfossen. Treni husimama kwa dakika kama tano, milango hufunguliwa, na abiria humiminika kwenye jukwaa la mbao lililojengwa mbele ya maporomoko. Maji hayo yanatoka juu kwa kishindo kiasi kwamba watu hupigiana kelele wakiwa bega kwa bega, na rasharasha hulowesha miwani na kamera kabla hata mtu hajafika kwenye ukingo. Kiangazi muziki huanza ghafla, na mwanamke aliyevaa nguo nyekundu hutokea juu ya miamba, akacheza, akapotea, kisha akatokea mahali pengine pa mbali. Anaigiza huldra, kiumbe wa hadithi za Kinorwei mwenye sura ya mwanamke mzuri na mkia wa ng'ombe, anayewavuta wanaume wamfuate milimani. Waigizaji huwa wanafunzi wa dansi, na siri ya kupotea na kutokea haraka hivyo ni kwamba wapo zaidi ya mmoja. Baadaye kondakta hutoa ishara na wote hurudi ndani. Anayetaka picha isiyojaa vichwa vya watu akae karibu na mlango kabla treni haijasimama.

Juu ya Kjosfossen njia hupita Vatnahalsen na kuishia Myrdal. Hapo hakuna mji. Hakuna hata barabara ya magari. Ni stesheni, mkahawa na upepo wa milimani, mahali pa kubadilisha treni kati ya reli ya Flåm na ile ya Bergen. Theluji huweza kuonekana huko hata mwezi Juni wakati chini fiodini watu wamevaa mashati mepesi. Koti lisilopenya maji na viatu visivyoteleza ni vya lazima, maana magharibi mwa Norwei mvua ni jambo la kawaida.

Kuna njia nyingine za kurudi. Kutoka Vatnahalsen, kamba ya chuma yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja huwashusha wanaothubutu hadi Kårdal, wakining'inia juu ya bonde. Njia ya miguu na baiskeli iitwayo Rallarvegen, iliyojengwa kwa ajili ya vibarua wa reli ya Bergen, huteremka kutoka Myrdal kwa kona kali 21 na kufika Flåm baada ya takriban kilomita 20. Wapo wanaopanda kwa treni na kushuka kwa miguu au baiskeli. Kwa mgeni mwenye siku nzima ni matembezi mazuri. Kwa abiria wa meli, kushuka kwa miguu kote huchukua saa nne au zaidi, na mvua ikinyesha huwa zaidi ya hapo, kwa hiyo kinachofaa ni kipande kimoja tu: kushuka katika kituo cha chini, kutembea bondeni, na kumalizia Flåm. Aliyetembea kutoka kituo cha chini, mguu ukimuuma, hayuko mbali na meli. Aliyeanzia Myrdal yuko.

Muda unaobaki Flåm hutosha kwa makumbusho ya reli yaliyo jirani na stesheni, ambayo hayana kiingilio. Huko huonyeshwa zana na picha za wachimbaji wa mahandaki. Ni vyema kuyaweka baada ya safari ya treni wala si kabla, ili yawe ndiyo sehemu inayokatwa pindi treni inapochelewa.

Hati za kusafiria

Norwei si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen tangu 2001. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen ili ashuke, hata kama ni kwa saa chache. Kampuni nyingi za meli humkatalia kupanda tangu mwanzo abiria asiye na viza za nchi zote za njiani. Safari nyingi za fiodi huanzia Uingereza, ambayo iko nje ya Schengen. Abiria wa safari hiyo anahitaji viza za pande zote mbili, na ile ya Uingereza iwe inamruhusu kuingia tena meli inaporejea.

Suala la hati huwa gumu zaidi pale reli yenyewe inapovuka mpaka. Skagway, bandari ndogo ya Alaska nchini Marekani, ina reli nyembamba ya White Pass and Yukon iliyojengwa kati ya 1898 na 1900, wakati wa mbio za dhahabu za Klondike. Ilifungwa mwaka 1982 migodi iliposimama, ikafunguliwa tena 1988 kwa ajili ya watalii, na treni zake hufika hadi gatini. Hupanda zaidi ya meta 870 kwa kilomita 32 hadi kileleni mwa White Pass, ambapo ndipo mpaka wa Kanada. Ziara fupi hugeuza kileleni bila abiria kushuka na haidai pasipoti. Ziara ndefu zinazoendelea hadi Fraser au Carcross huingia Kanada, na hapo abiria lazima awe na pasipoti, na viza ya Kanada kama uraia wake unaidai. Pia awe na ruhusa ya kuingia Marekani mara ya pili siku hiyohiyo. Juu ya hayo, kiangazi saa ya Yukon, upande wa Kanada, iko mbele ya ile ya Alaska kwa saa moja. Aliyezoea kuacha pasipoti kwenye kasha la chumbani huko hapati ziara ndefu.

Treni nyingi, hatari nyingine

Si kila bandari ina treni chache. La Spezia, Italia, ni mfano wa upande wa pili. Kutoka stesheni yake kuu, treni za kiangazi huenda mara kwa mara hadi vijiji vitano vya Cinque Terre vilivyopachikwa juu ya miamba ya bahari: Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza na Monterosso. Kijiji cha kwanza kiko chini ya dakika kumi, na cha mwisho chini ya nusu saa. Hapo hakuna haja ya kuchagua treni miezi kabla. Kukosa moja ni kusubiri inayofuata.

Lakini wingi wa treni huficha hatari zake. Stesheni haipo gatini, hivyo muda wa kutembea mjini lazima uingie kwenye hesabu. Majukwaa ya vijiji ni membamba, na alasiri watu wote hutaka kurudi pamoja, hata treni ikijaa wengine hubaki. Pia kuna migomo. Nchini Italia migomo ya reli hutangazwa mapema, na sheria hulinda treni za lazima siku za kazi kati ya saa 12:00 na saa 3:00 asubuhi, na tena kati ya saa 12:00 jioni na saa 3:00 usiku. Kinga hiyo iliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaokwenda na kutoka kazini. Abiria wa meli, ambaye siku yake iko katikati ya vipindi hivyo viwili, haimfai kitu. Kwa hiyo Flåm mpangaji huangalia nafasi za treni, Skagway huangalia mpaka, na La Spezia huangalia kalenda ya migomo na kuwa tayari kurudi kwa boti au teksi.

Meli ikishaondoka

Hata mpango mzuri huweza kuvunjika, kwa hiyo anayejitegemea ajue kabla ya kushuka atafanya nini akiachwa. Meli hutunza orodha ya waliotoka na kurudi kwa kadi zao za mlangoni. Saa ikifika na mtu hayupo, kwa kawaida hutajwa kwa vipaza sauti, na meli huondoka kwa sababu kulipia gati zaidi ya muda na kuchelewa bandari inayofuata ni gharama kubwa. Mara nyingi wahudumu huchukua pasipoti kutoka kwenye kasha la chumbani na kumwachia wakala wa meli bandarini. Jina na simu ya wakala huyo huandikwa kwenye karatasi ya shughuli za siku. Ni busara kuipiga picha kabla ya kutoka.

Kwa Flåm, njia ya kuifuata meli ni ileile ya matembezi. Treni hupanda hadi Myrdal, na kutoka hapo reli kuu humfikisha mtu Bergen kwa kama saa mbili, au Oslo kwa kama saa tano. Barabara nayo ipo, na kiangazi kuna boti ya kasi kati ya Flåm na Bergen. Nauli, hoteli na chakula vyote ni juu ya abiria mwenyewe, na bei za Norwei si za kubahatisha. Kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi, nakala ya pasipoti na viza, dawa za siku mbili, chaja ya simu na jina la bandari inayofuata pamoja na saa ya kufika meli huko vinaingia kwenye mkoba mdogo. Bima ya safari husaidia, lakini nyingi hudai uthibitisho kwamba treni ndiyo iliyochelewa, kwa hiyo aliyekwama aombe barua au ujumbe kutoka kwa shirika la reli palepale.

Zipo bandari ambazo safari ya kujipangia haifai hata kwa mzoefu: penye treni moja tu ya kwenda na moja ya kurudi kwa siku, penye stesheni iliyo mbali na gati kwa barabara isiyoaminika, na penye meli inayokaa chini ya saa sita. Bandari ya mwisho kabla ya siku kadhaa za bahari tupu pia iogopwe, kwa sababu anayeachwa hapo hana mahali pa karibu pa kuikuta meli. Katika hali hizo ziara ya kampuni ya meli ndiyo inayofaa. Kwingineko kote, treni ya mapema, tiketi iliyonunuliwa kabla, hati kamili mkononi na treni nyingine nyuma ya ile ya kurudi zinatosha.